Kikaango cha kale cha chuma cha kusubu

Kikaango cha kale cha chuma cha kusubu ni chombo cha kukaangia chenye kitako bapa, kuta fupi na mpini ulioungana na chombo chenyewe, kilichotengenezwa katika viwanda vya Marekani hasa kati ya miaka ya 1860 na 1950. Kilikuwa chombo cha kawaida cha jikoni na bei yake ilikuwa ndogo. Siku hizi kinatafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, na baadhi ya vikaango adimu huuzwa kwa bei kubwa kuliko ya jiko jipya.

Kusubu ni kuyeyusha metali na kuimimina katika kalibu hadi igande. Ni kazi tofauti na kufua, ambayo ni ya mhunzi anayepiga chuma kwa nyundo.

Ugumu wa kuvitambua vikaango hivi ni kwamba vingi havikuandikwa mwaka wowote, na namba zinazoonekana juu yake humaanisha jambo lingine kabisa. Umri wake husomwa katika alama zilizoachwa na kazi yenyewe: kovu la kumiminia, pete ya kitakoni, ulaini wa uso wa ndani, muundo wa herufi. Anayetegemea alama moja peke yake hukosea, na kosa hilo mara nyingi humgharimu fedha.

Tabia ya chuma cha kusubu

Chuma cha kusubu kina kaboni ya asilimia 2 hadi 4 hivi, kiasi kikubwa kuliko cha feleji. Kaboni hiyo hukifanya kiyeyuke kwa urahisi zaidi na kujaza vizuri pembe zote za kalibu, lakini pia hukifanya kiwe chepesi kuvunjika. Kikaango kikidondoka sakafuni hakibonyei kama sufuria ya alumini. Hupasuka kama chungu. Kikiwa na joto na kumwagiwa maji baridi ghafla huweza kupata ufa.

Sifa yake kubwa jikoni ni kushika joto kwa muda mrefu, kwa kuwa ni kizito. Sifa ya pili ni utando mweusi unaojengeka juu yake. Mafuta membamba yakipashwa joto kali juu ya chuma, molekuli zake huungana na kuwa kitu kigumu, mfano wa rangi ya mafuta iliyokauka. Utando huo huzuia kutu na huzuia chakula kisigande. Aliyewahi kutumia chuma cha kuchomea chapati kwa miaka mingi anaifahamu hali hii: kadiri kinavyozidi kuwa cheusi ndivyo chapati inavyozidi kuteleza.

Historia

Mwaka 1707 Mwingereza Abraham Darby alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga. Kabla ya hapo kalibu nyingi zilikuwa za udongo, zenye kuchukua muda mrefu kutengenezwa. Mbinu ya mchanga ilivuka bahari hadi makoloni ya Amerika ya Kaskazini.

Watu wa huko walipikia kwenye moto wa wazi ndani ya nyumba, hivyo vikaango vya wakati ule vilikuwa na miguu mitatu na mpini mrefu. Viliitwa buibui kwa sababu ya miguu hiyo. Katika karne ya 19 majiko ya chuma ya kuni na makaa ya mawe yalienea, na miguu ikaondolewa. Juu ya jiko la namna hiyo palikuwa na matundu ya mviringo yenye vifuniko. Mpishi aliweza kuondoa kifuniko na kuweka kikaango juu ya tundu, karibu na moto. Kwa ajili hiyo vikaango vingi vilitengenezwa na pete iliyotokeza kuzunguka kitako, ili vikae imara juu ya tundu.

Hapo ndipo ilipotoka namba ambayo huwachanganya watu hadi leo. Namba 8 iliyo juu ya mpini haimaanishi inchi 8. Kikaango namba 8 kina upana wa inchi 10 na nusu hivi mdomoni, yaani sentimita 26 au 27. Namba 3 kina sentimita 16 na nusu hivi. Namba ilifuata ukubwa wa tundu la jiko, wala si upana wa kikaango. Majiko ya gesi na ya umeme yalipoingia majumbani, pete haikuwa na kazi tena, na vitako laini visivyo na pete vikazidi kutengenezwa.

Mbinu ya viwandani ilikuwa hivi. Kwanza kilitengenezwa kielelezo cha kikaango. Kielelezo kilikandamizwa ndani ya mchanga laini wenye unyevu na udongo kidogo, kisha kikatolewa, kikaacha nafasi yenye umbo lake. Chuma kilichoyeyuka kikamiminwa humo. Baada ya kupoa, kalibu ya mchanga ilivunjwa, na katika viwanda vizuri uso wa ndani ulisagwa kwa jiwe mpaka ukawa laini. Kusaga huko kulikuwa kazi ya gharama, na viwanda vingi vya baadaye viliiacha. Ndiyo sababu kikaango kipya cha bei nafuu huwa na uso wa chembechembe za mchanga, wakati cha kale huwa laini kama kioo cha saa. Cha kale pia ni chepesi zaidi. Namba 8 cha Griswold cha miaka ya 1920 au 1930 huwa na uzito chini kidogo ya kilo 2, wakati kikaango cha kisasa cha ukubwa unaokaribiana nacho hufikia kilo 2.4 hivi.

Viwanda vikubwa

Jina linalotafutwa kuliko yote ni Griswold, kiwanda cha mji wa Erie, Pennsylvania. Kilianza mwaka 1865 kama biashara ya pamoja ya familia za Selden na Griswold, na baadaye kikabaki mikononi mwa akina Griswold. Vikaango vyake vya miaka ya 1880 na kuendelea viliandikwa ERIE tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaja nembo ya msalaba ndani ya duara mbili, yenye jina GRISWOLD. Mwanzoni herufi ziliinama, kisha kuanzia takriban mwaka 1920 zikasimama wima katika nembo kubwa, na kuanzia takriban mwaka 1940 nembo ikawa ndogo. Wakusanyaji hupenda nembo kubwa kuliko ndogo, kwa kuwa kazi ya miaka ile ilikuwa nyembamba na safi zaidi. Kiwanda cha Erie kilifungwa mwaka 1957, lakini jina liliuzwa na vikaango vyenye nembo ya Griswold viliendelea kutengenezwa mahali pengine. Kwa hiyo nembo yenye msalaba isiyotaja Erie ni dalili ya kikaango cha baada ya hapo.

Mpinzani wake alikuwa Wagner wa mji wa Sidney, Ohio, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1891 na ndugu wa familia ya Wagner. Nembo yake inayojulikana zaidi ina herufi W moja kubwa inayotumika kuanzia maneno yote mawili, WAGNER na WARE, na chini yake SIDNEY -O-. Hiyo O ni ufupisho wa Ohio, si sifuri. Mwaka 1952 familia iliuza kiwanda, na kabla ya muongo huo kwisha majina ya Wagner na Griswold, yaliyoshindana kwa zaidi ya nusu karne, yakawa chini ya mmiliki mmoja.

Ohio ilikuwa na viwanda vingine vilivyoishi muda mfupi zaidi. Wapak wa Wapakoneta kilifanya kazi kuanzia mwaka 1903 hadi 1926. Baadhi ya vikaango vyake vina picha ya kichwa cha Mwamerika wa asili, na hivyo hutafutwa sana. Favorite wa Piqua kilitengeneza vikaango vizuri mpaka miaka ya 1930.

Upande wa kusini, Joseph Lodge alianzisha kiwanda chake mwaka 1896 huko South Pittsburg, Tennessee, kwa jina la Blacklock. Kiliungua mwaka 1910, akakijenga upya kwa jina lake mwenyewe. Lodge ndicho kiwanda pekee kati ya hivi vikubwa ambacho hakikuwahi kusimama. Vikaango vyake vingi vya zamani havina jina, bali namba tu na herufi moja ya fundi. Vingine hutambulika kwa pete ya kitakoni yenye mapengo matatu. Birmingham Stove & Range cha Alabama nacho hakikuandika jina kwenye vikaango vyake vingi, na hutambulika kwa umbo la mpini na la pete. Kwa kweli wakusanyaji huitukuza Griswold kupita kiasi. Mtu anayetaka kupikia tu atapata kwa kikaango cha Birmingham kisicho na jina kazi ileile, kwa sehemu ndogo ya bei.

Kilichoviua viwanda hivi ni alumini, kisha sufuria zenye utando wa Teflon. Dutu hiyo iligunduliwa mwaka 1938, na vikaango vilivyopakwa nayo vilianza kuuzwa Ufaransa katika miaka ya 1950. Ni vyepesi na havihitaji kulishwa mafuta.

Kusoma kitako

Mtambuzi huanza kwa kukigeuza kikaango juu chini. Akiona mstari mnene uliotokeza katikati ya kitako, hilo ni kovu la kumiminia: mahali chuma kilipoingilia kwenye kalibu. Kwa kawaida ni dalili ya karne ya 19, kwa sababu baadaye viwanda vilimiminia pembeni na kulisaga kovu likapotea. Kovu la mviringo ni la zamani zaidi kuliko la mstari. Vikaango vyenye makovu haya karibu vyote havina jina la kiwanda.

Maneno MADE IN USA hupunguza umri mara moja. Yalienea kwenye vyombo hivi hasa kuanzia miaka ya 1960, wakati bidhaa za Asia zilipoingia sokoni. Kikaango chenye maneno hayo hakiwezi kuwa cha wakati wa bibi wa bibi, hata muuzaji aape vipi.

Namba za tarakimu tatu au nne, kama 704 kwenye kikaango namba 8 cha Griswold, ni namba za kielelezo. Zilimsaidia fundi kiwandani kujua kielelezo kipi kimetumika. Hazina uhusiano na mwaka.

Mtego wa mwaka 1891

Kosa la kawaida kuliko yote ni la kikaango kilichoandikwa Wagner's 1891 Original. Wauzaji wengi, wengine kwa kutojua, hukitangaza kama chombo cha mwaka huo. Kwa hakika kilitolewa mwaka 1991 kuadhimisha miaka 100 ya jina hilo. Ushahidi umo kwenye kikaango chenyewe: kitako chake kimejaa maelezo ya jinsi ya kukilisha mafuta. Mwaka 1891 hakuna aliyehitaji kuelezwa hayo, kwa kuwa alijifunza kwa mama yake. Ni kikaango kinachofaa kupikia, lakini bei yake haipaswi kuwa ya kitu cha karne ya 19.

Nakala za kughushi

Vipo pia vikaango vya kughushi, hasa vya ukubwa mdogo sana, kama namba 0 ya Griswold iliyokuwa ya kuchezea watoto. Mghushi huchukua kikaango halisi na kukitumia kama kielelezo. Lakini chuma cha kusubu hupungua kwa takriban asilimia 1 kinapoganda na kupoa. Kiwanda kilijua hivyo na kikatengeneza kielelezo kikubwa kidogo kuliko kikaango kilichotakiwa; mghushi anayeanza na kikaango kilichokwisha kupungua hupata kilichopungua mara mbili. Kwenye upana wa milimita 267 tofauti ni milimita 2 au 3, kiasi kinachopimika kwa rula ya shule. Dalili nyingine ni herufi zilizofifia kingo, uso wa nje wenye chembe kubwa, na mikwaruzo ya mashine ya kusagia ukingoni.

Kukagua kabla ya kununua

Ufa mwembamba hufichwa na masizi. Njia ya zamani ya kuutafuta ni kukishika kikaango kwa vidole viwili mwishoni mwa mpini, kikining'inia, na kukigonga kwa kijiko cha mti. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Ufa hautengenezeki kwa namna ya kuaminika.

Kitako kilichopinda hujulikana kwa kukiweka kikaango juu ya kioo au meza iliyonyooka na kukibonyeza ukingoni. Kikicheza au kuzunguka, kimepinda. Kwenye moto wa gesi kinaweza kutumika, lakini kwenye jiko la umeme lenye uso bapa hakitapata joto sawasawa. Vishimo vidogo vilivyotapakaa kitakoni mara nyingi vimetokana na salfa ya makaa ya mawe. Hupunguza bei, ila havizuii kupika. Rangi ya wekundu wa matofali isiyotoka hata baada ya kusafishwa inaonyesha kwamba kikaango kiliwahi kuchomwa motoni. Chuma kilichofikia hali hiyo hakishiki mafuta vizuri tena.

Hatari ya madini ya risasi

Jambo hili halina budi kupewa uzito kuliko bei. Metali ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za sentigredi tu, joto linalopatikana kwenye jiko la kawaida. Zamani wawindaji na wavuvi wa Marekani waliiyeyusha nyumbani ili kutengeneza risasi za bunduki na chubwi za kuvulia samaki, na chombo kilichokuwa karibu ni kikaango kikuukuu. Mabaki yake huingia katika vinyweleo vya chuma na huenda yasionekane kwa macho.

Risasi hudhuru ubongo unaokua wa mtoto hata ikiwa kidogo sana. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo kila kikaango cha zamani ambacho historia yake haijulikani hupimwa kabla ya kupikiwa na kabla ya kutiwa kwenye dawa yoyote ya kusafishia. Kikitanguliwa kusafishwa, risasi huhamia kwenye dawa na kuchafua vikaango vingine vyote vitakavyofuata. Madukani huuzwa vijiti vya kupimia vinavyobadilika rangi vinapogusa risasi. Pale penye masizi mengi, kipimo kinapaswa kufanywa hadi kwenye chuma chenyewe. Kikaango kilichoonyesha risasi hakifai tena kwa chakula, hata kiwe adimu kiasi gani.

Kusafisha

Watu wengi wa zamani walikitupa kikaango kichafu kwenye moto wa kuni ili masizi yaungue. Vikaango visivyohesabika vimepinda au kupasuka kwa njia hiyo, na haifai.

Masizi ya mafuta huondolewa kwa kostiki soda, ileile wanayotumia watengenezaji wa sabuni. Hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu yake, katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko, na kikaango hulala humo siku kadhaa. Glavu na miwani ni lazima, kwa sababu huunguza ngozi na macho. Vyombo vya alumini visitiwe humo hata kidogo, kwani huliwa na kutoa gesi ya hidrojeni. Na Griswold na Wagner wote wawili walitengeneza alumini pia, hivyo kuona nembo pekee hakutoshi.

Kutu haitoki kwa kostiki. Kutu kidogo huondolewa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa muda usiozidi nusu saa, maana siki ikimaliza kutu huanza kula chuma. Kutu nyingi huondolewa kwa elektrolisisi, na mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kufanya jaribio lake ataitambua kazi hii. Kikaango huzamishwa katika maji yenye sodiamu kabonati (kemikali inayozalishwa kwa wingi kutokana na magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya), kisha huunganishwa na ncha hasi ya chaja ya betri ya gari. Kipande cha chuma cha kawaida huunganishwa na ncha chanya, na viwili hivyo visigusane. Kipande hicho kisiwe cha chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa hutoa kampaundi za kromi zenye sumu. Kazi hufanywa nje, penye hewa, mbali na moto, kwa sababu hidrojeni hutoka.

Chuma kilichotakaswa huanza kushika kutu ndani ya dakika chache. Hukaushwa mara moja juu ya moto mdogo na kupakwa mafuta ya kupikia, kisha mafuta hayo hufutwa kwa kitambaa mpaka ionekane kana kwamba hakuna kilichobaki. Mafuta mengi hayafanyi utando mnene. Hufanya utando unaonata. Baada ya hapo hufudikizwa ndani ya oveni kwenye nyuzi 230 hadi 250 kwa saa moja na kuachwa kipoe humo. Kazi hiyo hurudiwa mara mbili au tatu.

Ukusanyaji

Vikaango hupatikana kwenye minada ya mali za marehemu, maduka ya mitumba, mauzo ya uani na kwenye intaneti. Wapo wakusanyaji wanaotafuta kiwanda kimoja, na wapo wanaotaka kukamilisha mfululizo wa namba zote za nembo moja. Hao wa pili husumbuliwa na namba 13 ya Griswold. Kilitengenezwa kwa uchache, na maelezo ya kawaida ni kwamba wanunuzi waliiogopa namba hiyo kama yenye nuksi. Matokeo yake ni kwamba kikaango ambacho babu zao hawakukitaka ndicho wajukuu wanachokilipia zaidi. Namba 8, kilichokuwa karibu katika kila nyumba, kinapatikana kwa wingi na ndicho anayeanza hushauriwa kununua.

Mwaka 2022 lilifunguliwa jumba la makumbusho ya vyombo vya chuma cha kusubu huko South Pittsburg, Tennessee, katika mji ambao kiwanda cha Lodge kinaendelea kusubu vikaango.